Povu Lisilo na Sukari

“Hii yako, uichukue.”

Orpa aliitua chupa juu ya kaunta kwa kishindo, mpaka mizani ikatikisika na sindano yake ikacheza. “Nilikuomba ya bila sukari. Hii iko na sukari.”

Kahongya, mwenye duka, aliendelea kupanga mikebe yake ya nyanya kana kwamba aliyesema ni redio. Alipoona mwanamke haondoki, aliigeuza chupa, akaweka kidole chini ya maandishi ya dhahabu.

“Mama Orpa, soma pale. Demi-sec. Sec ni kavu. Kitu kikavu kitakuwa na sukari ya wapi?”

“Kwani sukari yenyewe iko namna gani, Papa Kahongya? We unaiuzisha kila siku. Uliisha kuiona mubichi?”

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua sabuni waliangua kicheko. Orpa hakucheka. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Bulengera, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, na kifuani mwake kulikuwa na kitu kinachochemka kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

“Infirmière wa kituo cha afya alinisomea maandishi ya nyuma,” alisema. “Demi-sec ni tamu. Minataka ile banaita brut.”

“Brut ni kali, mama. Bamama hawaipendake. Banabeba, kisha banarudisha.”

“Mimi nimerudisha hii. Shusha brut.”

Kahongya alipanda ngazi huku akinung’unika. Alirudi na chupa nzito ya kijani iliyokuwa imelala juu kabisa kwa muda mrefu, hata buibui alikuwa amejijengea shingoni mwake. Orpa aliipangusa kwa pindo la kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni, akasoma herufi moja moja, midomo ikitembea bila sauti. Alipohakikisha, aliikumbatia kama mtoto aliyeokolewa mikononi mwa mtu.

“Na kanisa linajua?” Kahongya aliuliza kwa kumchokoza.

“Kanisa halinipimake damu,” Orpa alijibu, akatoka.

Hakuwa mtu wa pombe. Tangu azaliwe hakuwahi kuonja hata kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo baba yake aliipika nyuma ya nyumba kabla ya kuokoka. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya wamama. Kama mtu angemwambia mwaka uliopita kwamba siku moja angegombana dukani kwa ajili ya divai yenye povu, ile ambayo watu wote wa Butembo huiita champagne hata kama haijui Ufaransa iko upande gani, angemfukuza kwa ungo.

Na ungo anao. Orpa alikuwa muuza unga wa muhogo katika soko la Bulengera. Asubuhi alipeleka mihogo mikavu kwenye moulin, akarudi na unga ungali na joto la mashine, akauchekecha mpaka ukawa laini kama majivu ya karatasi. Kufika saa sita kope zake zilikuwa nyeupe, nyusi nyeupe, na mtu asiyemjua angedhani amezeeka kati ya asubuhi na mchana. Wapo wauzaji waliochanganya unga wa zamani chini na mpya juu. Orpa alimwachia kila mnunuzi aingize mkono mpaka chini ya mfuko. Jina lake sokoni lilijengwa na mikono hiyo ya watu.

Kisha siku moja alianguka kwenye moulin. Kwa wiki nyingi alikuwa na kiu isiyotosheka na macho yenye ukungu, akasema ni vumbi la unga. Alizinduka katika kituo cha afya, kidole kimetobolewa, na mbele yake ameketi Bénite, muuguzi mwembamba asiyejua kubembeleza.

“Mama, ni sukari. Imepanda mbaya. Utakunywa bidonge, lakini bidonge peke yake habiwezi, kama kila siku unabirushia bugali juu.”

“Niache bugali?”

“Bugali, mukate, ndizi, viazi, muchele. Chai ya sukari. Na sucré, hiyo hata kuigusa.”

Sucré, yaani soda zote za chupa, Orpa angeweza kuziaga bila kuangalia nyuma. Lakini bugali! Watu wa nyumba yao husema mtu ambaye hajala obundu, yaani bugali huo huo wa muhogo, hajala, amechezea chakula tu. Alirudi nyumbani akalia, kisha akapangusa macho, akaanza. Sombe, yaani kisamvu, na samaki wadogo. Mchicha wa lengalenga. Mayai, kabeji, karanga, maparachichi ambayo kwa bahati nzuri Butembo huyamwaga barabarani kama mawe. Tangu siku ile aliuza kile asichokula.

Mwili ulipungua, macho yakarudi, na maneno yakaanza. Kwao mwanamke mnene ni nyumba yenye amani. Akikonda, watu hutafuta msiba. Wengine walinong’ona kwamba ameshikwa na ugonjwa ule mwingine. Wengine, hasa wamama wa kwaya, walisema anafanya régime ya kukonda ili atafute bwana mwingine juu ya kaburi la Mumbere, marehemu mume wake. Mnunuzi mmoja wa miaka mingi alimwambia usoni: “Kama we mwenyewe hauikule bunga yako, sisi tuikule juu ya nini?” Orpa alimrudishia mfuko wake mtupu na kumwonyesha njia.

Ni katika hali hiyo ndipo habari njema ilipomfikia. Sadrack, mtoto wake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi huko Beni, alikuwa amepata mchumba, Christa, binti wa mama mmoja mjane wa mtaa wa Beu. Orpa alicheza peke yake jikoni. Mahari ilipelekwa, siku ikapangwa. Aliyesimamia yote kwa upande wa bwana arusi alikuwa Paluku, mdogo wa marehemu Mumbere, shemasi wa kanisa, mtu wa koti jeusi na wa kupenda picha. Ndiye aliyekwenda Beni na kurudi, ndiye aliyeleta ujumbe.

“Mama Eliane, mama ya bibi arusi, anasema kwabo mama ya bwana arusi njo analetaka champagne,” alieleza. “Batoto banakunywa, kisha bamama wawili banakunywa kwa glasi moja. Usipokunywa, ni kusema mutoto wabo humutaki.”

“Umuambie niko na sukari. Nitakunywa maji.”

“Maji ni ya kunawa, shemeji. Haiko ya kubariki.”

Kwa hiyo Orpa alinunua kwa Kahongya chupa aliyoambiwa haina sukari, akaipeleka kwa Bénite kumuuliza champagne ni nini hasa. Bénite aliigeuza, akamsomea maandishi ya nyuma. Ile isiyo na alkoli, ambayo Waprotestanti hufungua kwenye arusi zao, ni sukari iliyotiwa povu, alisema. Mbaya kuliko zote. Ile ya divai yenyewe inatofautiana. Kuna doux, tamu sana. Kuna demi-sec, inayodanganya kwa jina. Na kuna brut, ambayo karibu haina sukari kabisa.

“Kama ni lazima, brut. Glasi moja ndogo, na chakula tumboni. Usikunywe na njaa, juu ya bidonge byako.”

“Na Mungu?”

“Ile utamuuliza we mwenyewe, mama. Mimi ninapima damu tu.”

Orpa alimuuliza Mungu. Hakusikia jibu, wala hakusikia katazo. Akairudisha chupa kwa Kahongya.

Habari ya chupa ilimfikia Paluku kabla ya siku mbili kupita. Alikuja sokoni, akasimama mbele ya meza, mikono nyuma, akimsubiri mnunuzi wa mwisho aondoke. Orpa alikuwa anachekecha.

“Shemeji, nasikia uko na divai ndani ya nyumba.”

“Ulisikia vizuri.”

“Divai ya kweli. Ya kulewa.”

“Ya glasi moja.”

“Pasteri atakuwa pale! Mukubwa wa kwaya atakuwa pale! Batu batasema bibi ya Mumbere, mukonde vile, sasa ameingia pombe. Kwa nini usilete ile ya tamu, ya bila alkoli, ile kila mutu anafanyaka?”

“Ile ni sucré yenye bamevalisha koti.”

“Hata kama. Glasi moja haiwezi kukuua. Kidogo tu.”

Ungo ulisimama.

Orpa alimtazama shemeji yake, na katika uso huo mpana wenye afya akaona kitanda cha hospitali, na Mumbere juu yake, miguu imefungwa bandeji. Mumbere naye alikuwa na sukari. Daktari alikuwa amesema wazi nini asipewe. Lakini ndugu zake walikuja na mabakuli yaliyofunikwa, Paluku akiwa mbele, wakasema mgonjwa hafi kwa sukari, anakufa kwa njaa. Kipande cha bugali, kidogo tu. Sucré ya kumtia nguvu, kidogo tu. Na Orpa, bibi aliyekuja kwao kuolewa, alipowazuia mlangoni, waliuliza kama anataka mume wake afe haraka ili arithi nyumba. Akanyamaza. Akaondoka mlangoni. Madaktari walimkata Mumbere mguu mmoja, kisha hawakupata muda wa kumkata wa pili.

“Usitamke tena ile neno mbele yangu,” alisema.

“Neno gani?”

“Unalijua.”

“Shemeji, ile ya Mumbere ilikuwa mapenzi ya Mungu…”

Orpa alianza tena kuchekecha, lakini si kwa namna ya kuchekecha. Aliutupa ungo kushoto na kulia kwa nguvu zake zote, na unga ulipaa kama moshi wa moto wa majani mabichi. Paluku alirudi nyuma akikohoa. Koti jeusi lilikuwa limegeuka la kijivu, masharubu meupe. Muuza chumvi wa meza ya jirani alificha uso ndani ya kitenge ili asionekane akicheka.

“Umekuwa mukali, Orpa,” Paluku alisema, akijipigapiga mabega. “Ugonjwa umekufanya mukali.”

“Hapana. Ugonjwa ulinikuta hivi. Ni ninyi hamukujua.”

Ijumaa alipanda gari la Moustapha kuelekea Beni. Moustapha alikuwa dereva wa njia ile tangu ujana wake, Mwislamu mwenye kofia safi na ndevu zilizopakwa hina. Orpa alikaa mbele, chupa mapajani, imefungwa kwa kitambaa cha maua. Alijisikia vibaya.

“Papa Moustapha, nisikufiche. Hii ni divai.”

“Mimi nabebaka batu na mizigo yabo, mama. Mungu hataniuliza kile kiko ndani ya kitambaa cha mutu mwingine. Lakini uishike muzuri, barabara ni mubaya, na ile kitu inaruka ikikasirika.”

“Kama mimi,” Orpa alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu.

Kwenye kizuizi cha mwisho askari kijana alichungulia dirishani, akaona shingo ya chupa. Akachomoa Kilingala chake chote. “Mama, pesa biso ata moke.” Utupe hata kidogo. Orpa alimwangalia bila kupepesa macho mpaka kijana akahama mwenyewe kwenda kwenye mizigo ya nyuma. Moustapha alicheka kimoyomoyo hadi Beni, na kwa mara nyingine barabara iliwafikisha salama, na kwa jambo hilo wote ndani ya gari walimshukuru Mungu kila mmoja kwa lugha yake.

Sadrack alimpokea kwa kumkumbatia. Alikuwa amefanana na baba yake mpaka ikauma: paji la uso lile, namna ile ya kuinamisha kichwa anapoongea na mtu mfupi. Orpa alimkabidhi chupa mkononi mwake.

“Iweke fasi ya baridi. Na ufungue we mwenyewe.”

“Ndiyo, mama.”

Hakumtazama machoni aliposema hivyo. Orpa alidhani ni aibu ya bwana arusi.

Arusi ilifungwa asubuhi kanisani, na mchana watu wakakusanyika katika uwanja wa nyumba ya Eliane, chini ya bâche, maturubai ya bluu yaliyofungwa kwenye miti. Kila kitu kilifanyika upesi, kwa kuwa siku hizi, kwa hofu ya wenye bunduki, hakuna sherehe ya Beni inayongojea giza. Christa alikuwa msichana wa macho makubwa na vicheko vya ghafla, na gauni lake lilikuwa limeshaanza kuokota udongo mwekundu pindoni bila yeye kujali. Orpa alimpenda papo hapo. Mama yake, Eliane, Orpa hakumjua vizuri. Walikuwa wamesalimiana mara moja tu, kwenye mahari. Alikuwa mwanamke mkubwa, mzito, mwenye kupumua kwa sauti, na Orpa alikaa mbali naye kidogo. Huyu ndiye aliyenilazimisha, alifikiri.

“Bamama!” aliita msemaji kwenye micro. “Tunakaribisha bamama wawili! Champagne!”

Vigelegele. Picha. Paluku alikuwa amesimama nyuma ya meza ya keki, koti limesafishwa, akielekeza mpiga picha kwa kidole. Sadrack alileta chupa iliyovikwa kitambaa cheupe kutoka shingoni hadi chini. Aliizungusha, na kizibo kikatoka kwa sauti ndogo, kama mtoto anayepiga midomo. Orpa aliisikia sauti hiyo na kitu kikamgusa mgongoni. Njia yote kutoka Butembo alikuwa ameishika chupa yake. Aliujua uzito wake kama alivyoujua uzito wa kilo ya unga. Hii mkononi mwa Sadrack ilikuwa inainama kirahisi mno.

Povu lilipanda katika glasi ndefu. Sadrack akanywa, Christa akanywa, kisha Christa akampa Orpa glasi kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo kwa heshima.

Harufu ilitangulia. Harufu ya pipi. Orpa aligusisha ulimi tu, na ulimi ule uliokuwa umefunga miezi yote hiyo ulipiga kelele. Ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto.

Hakumeza. Aligeuka pembeni, akatema chini.

Vigelegele vilikatika hewani. Micro ilitoa mlio wake wa chuma, kisha nayo ikanyamaza. Orpa aliweka glasi juu ya meza, akaichukua chupa mkononi mwa mtoto wake, akavuta kile kitambaa. Picha ya zabibu, na juu yake, kwa herufi kubwa: sans alcool, bila alkoli.

“Nani?” aliuliza.

Alimtazama Paluku. Paluku alitazama keki.

“Nimeuliza nani.”

“Ni mimi, mama,” alisema Sadrack. Sauti yake ilikuwa chini sana. “Pasteri yuko hapa. Baba mudogo Paluku alisema itakuwa haya kwa familia. Nilibadilisha. Mama, ni… ni kidogo tu.”

Orpa alisikia neno lile likitoka katika mdomo uliofanana na wa Mumbere, na kwa kitambo hakuona watu wala bâche. Alikuwa tayari kwa Paluku. Tangu Butembo alikuwa tayari kwa Paluku, maneno yote yamepangwa kama mifuko. Kwa huyu hakuwa na neno lililopangwa.

“Ulikuwa pale,” alisema. “Ulikuwa mukubwa ya kutosha. Ulimushika baba yako mukono wakati banamunywesha. Alisema nini? Sema hapa, batu basikie. Alisema nini?”

“Mama, tafazali.”

“Alisema, ‘Orpa, ubakataze.’ Na sikubakataza! Nilitoka mulangoni juu ya heshima. Heshima!” Aligeukia meza zote. “Mimi nauzishaka bunga. Kila mutu anaingizaka mukono mupaka chini. Hata siku moja sikufunika mufuko na kitambaa cheupe ili mutu asione kile anakula. Na leo, mutoto wangu…”

“Mumupeleke mama apumuzike,” Paluku alisema kwa haraka, akipiga hatua mbele. “Musamehe, ndugu. Ni sukari inamupanda kichwani.”

“Sukari haiko inapanda, Paluku. Ni hasira. Hasira haipimwake na kidole!”

Hapo ndipo Eliane alipoinuka. Kiti cha plastiki kilimng’ang’ania kidogo, akakisukuma, akaja mbele akipumua kama mtu aliyepanda mlima.

“Ngojeni,” alisema. “Mama Orpa, we uko na sukari?”

“Niko nayo. Nilimutuma huyu akuambie. Nikamuomba maji. Akasema we njo unataka champagne, ni desturi yenu.”

“Desturi yetu?” Eliane aligeuka polepole kumtazama Paluku. “Mimi mujane nauzishaka mafuta ya ngazi, ile ya mawese, champagne iko desturi yangu tangu lini? Huyu baba alikuya hapa, akasema kwenu Butembo arusi bila champagne ya bamama ni aibu. Nikasema, basi, kama ni kwabo. Mimi tangu jana naogopa namna nitaikunywa!”

Mtu alicheka nyuma, akazimwa na jirani yake. Pasteri alikuwa akiikagua sahani yake kwa makini. Paluku alifungua mdomo, akasema jambo kuhusu picha, kuhusu ukumbusho wa marehemu kaka yake, kuhusu watu wa Butembo kutodharauliwa, na kila neno lilianguka kabla ya kufika kwenye meza ya kwanza. Mwishowe aliomba ruhusa ya kujibu simu ambayo haikuwa imelia.

Christa alikuwa ameondoka. Hakuna aliyemwona. Alirudi kutoka ndani ya nyumba, gauni limekusanywa chini ya kwapa moja, na chini ya kwapa lingine chupa ya kijani.

“Ilikuwa ndani ya sac ya viatu byake,” alisema, bila kumtazama bwana wake. “Mama, ni hii?”

“Ni hii.”

“Tuiache?” Eliane aliuliza kwa upole. “Tukunywe maji, mama. Hakuna mutu atasema.”

Orpa alifikiri. Maji yalikuwa pale, kwenye jagi, safi, aliyoyaomba tangu mwanzo.

“Hapana,” alisema. “Nimeitafuta. Nimetukanwa juu yake. Munipe kwanza nyama.”

Wakamletea nyama ya mbuzi na sombe. Alikula amesimama, taratibu, mbele ya arusi nzima, mpaka akahisi tumbo limeshika. Kisha akafungua chupa mwenyewe. Hakujua namna; alikunjua waya, akakisukuma kizibo kwa vidole gumba vile vilivyozoea kufunga midomo ya mifuko, na kizibo kikalia kama bunduki. Nusu ya watu walilala chini. Ni Beni. Watoto walikuwa wa kwanza kuinuka, wakicheka, na wakubwa wakafuata, wakijipangusa magoti kwa aibu.

Alinywa. Ilikuwa chungu na chachu, kama limao juu ya jiwe. Uso wake wote ulikunjamana. Alimeza, akampa Eliane, naye akanywa akafumba jicho moja.

“Nyamuhanga wangu, ee Mungu,” Eliane alisema. “Na batu banaipenda hii kitu?”

“Haina sukari,” Orpa alisema.

“Haina kitu chochote!”

Christa aliangua kile kicheko chake cha ghafla, na mpiga picha, ambaye hakuna aliyekuwa anamwelekeza tena, akapiga.

Muziki ulirudishwa. Watu walirudi kwenye sahani zao na maneno yao, na maneno ya siku ile yangewatosha hadi Krismasi. Orpa hakucheza. Alikwenda nyuma ya nyumba, mahali wapishi walipokuwa wakisugua masufuria, akaketi peke yake kwenye benchi ndefu ya mbao. Hasira haikuwa imeondoka. Ilikuwa imekaa tu, kama yeye. Alikunjua kikwembe chake kikafunika benchi kushoto na kulia, pasibaki nafasi ya mtu mwingine kukaa.

Baada ya muda alisikia viatu vipya. Sadrack alisimama hatua chache kutoka kwake, tai imelegezwa, amebeba sahani ya kabeji na samaki. Hakuna bugali juu yake. Alifungua mdomo mara mbili.

“Usiseme kitu,” Orpa alisema.

Alibaki amesimama na sahani yake. Mpishi mmoja alimwaga maji, na maji yakapita kati yao, yakibeba majani ya vitunguu hadi kwenye ua. Upande wa pili wa nyumba Christa alikuwa anaitwa kwa ajili ya picha nyingine, na Sadrack hakugeuka.

Orpa hakumtazama. Alitazama masufuria. Kisha mkono wake wa kulia ulishuka, ukashika pindo la kikwembe lililotandaa juu ya benchi, ukaanza kulivuta kidogo kidogo upande wake.